Kofia ya viua: igeuze ndani kwanza, ndipo useme ni ghali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Unguja, yule aliyelalamika kwamba ametajiwa shilingi 90,000 kwa kofia moja ya viua iliyoshonwa kwa mkono, akaona anaibiwa huku anatazama. Sina ugomvi naye. Mwaka jana ningeandika barua kama ile ile, pengine kwa maneno makali zaidi, maana mimi ni dereva wa gari la abiria na najua shilingi 90,000 ni mafuta ya siku ngapi. Lakini tangu hapo nimevunjika mguu, na mguu ule ndio ulionikalisha kitako nikajifunza kushona viua, vile vitundu vya nakshi ya kofia.

Ilikuwa mvua za vuli. Bati la jikoni linavuja, nimepanda ngazi na kipande cha lami mkononi, ngazi ikateleza kwenye tope. Muundi wa mguu wa kulia ukaenda. Nikafungwa hogo kutoka unyayo mpaka juu ya goti, nikaambiwa nisikanyage chini kwa wiki nane. Mke wangu anatoka asubuhi kwenda kazini, watoto shule, nyumbani tunabaki wawili: mimi na mama mkwe.

Wasomaji mnaojua adabu za kwetu Pemba mtaelewa hali hiyo. Mkwe humkodolei macho, humpigii soga, huchezi mbele yake. Unamwamkia asubuhi, unamwitikia anapokuita, basi. Sasa fikiri unakaa naye ukumbi mmoja kuanzia saa 2 mpaka saa 8, mguu umeuweka juu ya kigoda, huna pa kukimbilia. Yeye hakuwa na taabu. Alikuwa na kazi yake mapajani, kitambaa cheupe na sindano, kama alivyokuwa nacho tangu siku niliyoposa. Mwenye taabu ni mimi.

Siku moja uzi ukamtoka kwenye sindano, miwani yake sijui kaiweka wapi, akanisukumia sindano na uzi bila kusema kitu. Nikamtungia. Akashona. Baada ya muda ukamtoka tena, nikamtungia tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Mkwe wangu, mikono yako mizima?" Nikamwambia mizima, mama. Akanitupia kipande cha foronya ya zamani.

Nieleze kidogo kwa wasiojua, maana kofia wengi tunaivaa tu. Kofia yetu ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda wa pembeni unaozunguka kichwa. Kila sehemu ni nguo mbili zilizolazwa pamoja, popilini nyeupe kwa nje na nguo nyingine ya pamba kwa ndani, zote zikiwa zimeshafuliwa na kukauka kabla ya mkasi kugusa, ili zimalize kurudi. Juu ya nguo ya nje nakshi inachorwa kwa penseli. Kisha zinapigwa bandi, mishono ya kupitisha sindano juu na chini, ili zisihame. Halafu kinakuja kiua, kitundu kidogo cha duara kilichozungushiwa uzi. Ukipitisha kidole juu ya kofia nzuri gizani utaisoma nakshi yake kama unavyopapasa upele, kwa sababu kila kiua kina mdomo uliosimama. Mdomo huo ndio kazi yenyewe. Tundu mtu yeyote anaweza kulitoboa.

Hilo la kusomeka kwa kidole nililiona kwa macho siku ya pili. Mama alitaka kunakili nakshi ya kofia ya marehemu mumewe. Hakupima wala hakuchora. Aliiweka kofia juu ya bakuli, akalaza karatasi nyembamba juu yake, akasugua na kipande cha mkaa. Viua vikatokea vyote kwenye karatasi, kila kimoja na mdomo wake, kama nyayo za kuku kwenye majivu. Kofia ya mashine tulipoijaribu vilevile ilitoa wingu tu.

Sasa kiua chenyewe. Nitakieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo zinapokwenda zile shilingi 90,000.

Kwenye nukta ya penseli unapiga bandi ndogo sana kuizunguka, duara la ukubwa wa punje ya mtama. Unazunguka mara ya pili, ukiingia pale ulipotokea mwanzo, ili pasibaki pengo. Hizo nyuzi mbili zilizolala ndizo godoro la kiua. Bila godoro mdomo hausimami, unalala kama mkeka. Kisha unachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, unaichoma katikati ya duara. Kuchoma, si kukata. Nyuzi za nguo zinasogezwa pembeni, hazikatwi hata moja. Unachoma kwa juu, unageuza, unachoma kwa chini, unazungusha shazia kidogo kwenye vidole kama unayesaga kitu. Tundu linafunguka. Kabla halijajifunga unaingia na uzi: sindano inatokea nje ya godoro, inazama ndani ya tundu, inatokea tena nje ya godoro ubavuni kwa ilipotokea kwanza, na kila ukivuta unavuta kuelekea nje, ili tundu lizidi kufunguka. Unazunguka hivyo, mishono inalala bega kwa bega kama meno ya kitana, kumi na sita, kumi na nane, hadi unarudi ulikoanzia. Ukimaliza hufungi fundo. Uzi unapitishwa chini ya mishono uliyokwisha kuishona, kisha unakatwa. Fundo likiachwa, siku kofia ikitiwa dondo (wanga wa kukakamaza nguo) linakuwa gumu kama kokoto na litamkwaruza mtu paji la uso kila akivaa. Mwisho unairudisha shazia mara moja tu kulisawazisha duara.

Hicho ni kimoja.

Kiua changu cha kwanza mama alikitazama kwa mbali, bila miwani, akasema, "Hilo tundu la panya." Cha pili nilivuta uzi mno, nguo ikakunjamana pande zote kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Cha tatu nikalegeza, uzi ukabaki unaning'inia ndani ya tundu. Hakunikemea hata mara moja. Alichukua mkasi, akakata, akanirudishia.

Kisha kulikuwa na tatizo la mkono. Mimi ni wa kushoto. Chakula nilirekebishwa utotoni kwa kuchapwa, kwa hiyo nakula kwa kulia kama watu wote, lakini nyundo, spana na sasa sindano, zote ni za kushoto. Mama alikuwa ananionyesha akiwa amekaa ubavuni kwangu, nami nikifuata vile vile kila kitu kinakwenda kinyume: yeye anazunguka huku, mimi uzi unajisokota na kujifungua. Nyuzi zangu zilikuwa zinachambuka manyoya kabla sijafika nusu ya duara. Tulihangaika hivyo siku nne. Siku ya tano akajua dawa. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, uso kwa uso, akaniambia nimfuate kama ninayejitazama kwenye kioo.

Mhariri, mimi nilitazama sakafu. Akasema, "Tazama mikono, mkwe. Nani kakwambia utazame uso?" Nikatazama mikono. Na kweli, mkono wake wa kulia ukienda, wangu wa kushoto unakwenda nao, kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mmoja. Siku hiyo ndiyo nilishona kiua cha kwanza ambacho hakukikata. Hakukisifu pia. Alikipitisha kidole, akaendelea na wake. Natoa ushauri huu bure kwa yeyote anayemfundisha mtu wa kushoto kazi yoyote ya mkono: kaa mbele yake, usikae ubavuni.

Mengine nilijifunza kwa kudokezwa. Uzi usizidi dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, mimi nilikuwa nakata mrefu ili nisitunge mara kwa mara, akaniuliza, "Uzi huo unafungia mbuzi?" Mkono unanawa kwa sabuni kabla, na ukitoka jasho unapaka poda kidogo, kwa sababu uzi mweupe unashika taka kuliko roho ya mtu. Kastabani, kile kikofia cha kukinga kidole, nilikataa wiki nzima nikiona ni mambo ya kike, hadi tako la sindano liliponiingia kwenye kidole cha kati ukubwa wa nusu ukucha. Sasa ninayo, na ipo kwenye sanduku la gari pamoja na plagi za akiba. Na msimu wa karafuu mama hashoni kabisa. Mikono iliyochuma karafuu ina utomvu na weusi, haikaribii popilini mpaka jamvi la mwisho lianuliwe.

Uzi wenyewe lazima uwe wa pamba. Hili nililipinga, maana dukani kuna nyuzi za plastiki zinang'ara, hazikatiki, na ni rahisi. Mama akanishonea viua viwili kwenye foronya, kimoja kwa kila uzi, akavitia dondo. Dondo yake ni ya muhogo: anaukuna, anauchuja, anauacha utulie, ule weupe unaokaa chini ndio anaoupika uwe kama uji mwepesi. Asubuhi kiua cha pamba kilikuwa kigumu pamoja na nguo, kitu kimoja. Cha plastiki dondo ilikuwa imekikataa. Nguo imekakamaa, uzi umelala juu yake kama mgeni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kofia za zamani zinasimama zenyewe bila gundi wala karatasi ndani.

Foronya ile nilitoboa viua zaidi ya mia mbili kabla sijaruhusiwa kugusa nguo ya kofia. Mke wangu alisema ingekuwa chujio zuri la tui.

Nakiri pia kwamba wenzangu wa stendi walipokuja kunitazama walicheka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza nitaanza lini kusuka ukili. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja nao, yeye hakucheka. Alichukua foronya akaitazama, akasema kwamba alipokuwa kijana wanaume walikuwa wakishona kofia barazani huku wakizungumza siasa na bei ya karafuu, na kwamba baba yake alijishonea mwenyewe kofia yake ya harusi. Hatujui tu ni lini jambo hilo liligeuka kuwa la kina mama wa uani. Lugha yetu yenyewe inakumbuka zaidi kuliko sisi: neno kudarizi linatokana na Kiajemi na lina udugu na neno lao la fundi cherehani, na almaria, ambalo wazee bado wanalitumia kwa nakshi za uzi, limeachwa na Wareno. Watu waliopishana pwani hii kwa majahazi na merikebu waliacha maneno ya sindano, kwa hiyo kazi hii hapa kwetu si ya jana.

Na inatoka nje ya kwetu pia. Dada wa mama mkwe yuko Muscat, familia yao ni miongoni mwa waliohamia Oman baada ya 1964. Wengine waliwafuata baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi. Kule kofia hii wanaiita kumma. Mtumishi wa serikali akienda ofisini anafunga kilemba, lakini mitaani na nyumbani ni kumma. Wao wanapenda rangi, nasi huku ni nyeupe juu ya nyeupe. Maagizo yao yanakuja kwa simu, picha na kipimo cha kichwa, na mama anayachukua machache kwa sababu anasema uzi wa rangi unamuumiza macho. Huyu ni mtu aliyeshona ujana wake wote kwa mwanga wa jua. Umeme Pemba ulikuwa wa majenereta ya dizeli, leo upo kesho haupo, mpaka 2010 ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo usiku ulikuwa wa bandi tu, kazi ambayo vidole vinaweza kuifanya bila macho. Viua vilisubiri alfajiri.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana msomaji mwenzangu alitaja bei na mimi ni mtu wa hesabu za safari. Nilichukua daftari langu la gari nikaandika. Kofia niliyoisimamia, ya mama na si yangu, ilikuwa na viua 612. Nilivihesabu mara mbili. Yeye kiua kimoja kinamchukua dakika 4 akiwa na macho mazuri. Hiyo ni kama saa 41 za viua peke yake. Kukata, kuchora, kupiga bandi, kutia zile nyuzi nene zilizosokotwa katikati ya nguo mbili ili ukanda uwe na mistari iliyoinuka (yeye anaziita mishipa), kuunga duara na ukanda, kufua, kutia dondo na kuiweka kwenye faruma (kiunzi cha kuishikisha kofia umbo) ikauke, niliandika saa 30. Jumla 71. Nguo na uzi ni shilingi 7,000.

Mfanyabiashara anayekuja kuzichukua anampa 45,000. Toa 7,000, gawa kwa 71. Ni shilingi 535 kwa saa. Kwenye stendi yetu hiyo ni chai na maandazi mawili, na hayo mawili uwe unajuana na muuzaji.

Kwa hiyo 90,000 zile, ndugu yangu wa Unguja, nusu yake haikufika kwa aliyeshona. Simlaani mfanyabiashara. Analipa boti, analipa pango la duka, anakaa na mzigo mpaka Idi. Lakini ukitafuta mwizi usimtafute uani kwetu.

Mwizi nitakayekuonyesha mimi ni mwingine, na aliniibia mwenyewe. Kijana wangu mkubwa alipooa, kabla ya habari za mguu, nilikuwa mjini Unguja nikaingia duka moja, silitaji, nikamwambia muuzaji nataka kofia ya mkono. Akanitolea moja, akaniapia ni ya mkono, tena ya Pemba. Mimi Mpemba nikaambiwa hivyo, nikavimba kichwa, nikatoa 70,000. Nyumbani nilimkabidhi mama mkwe aitazame. Aliigeuza ndani nje, akaitazama muda kidogo, akaigeuza tena, akaniambia, "Ivae tu, mwanangu." Niliona ni sifa. Baada ya kufuliwa mara ya pili viua vilianza kuota manyoya, na ilipofika mara ya nne vingine vilikuwa vimepasuka ukingo. Miezi mingi baadaye, hogo likiwa mguuni na foronya mkononi, ndipo nilipomwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kijana alikuwa anaoa keshokutwa yake, ningefanya nini?

Sasa ninajua alichokiona, nami nawaambia wasomaji wasiokuwa na mama mkwe kama wangu. Usiitazame kofia kwa nje. Mashine ya leo inashona nje vizuri, pengine sawasawa kuliko mkono. Igeuze. Kwa ndani kofia ya mashine ina uzi wa pili wa chini, mwembamba, na mara nyingi utauona umeruka kutoka kiua mpaka kiua kwa mstari ulionyooka, au umekatwa na kuacha vidomo. Ya mkono kwa ndani karibu inafanana na nje. Halafu iinue dhidi ya jua. Mashine inatoboa kwa kukata nguo, kwa hiyo kwenye ukingo wa tundu utaona nywele za nyuzi zilizokatwa zimechungulia; ndizo zinazoota manyoya baada ya kufuliwa. Shazia haikati, kwa hiyo mwanga unapita safi. Na mwisho funga macho, pitisha kidole. Viua vya mkono havilingani. Kuna mahali fundi alikuwa mchangamfu na mahali alikuwa amechoka, na kidole kinajua.

Sisemi kofia ya mashine isiuzwe. Ninayo, naendeshea gari nikiwa nayo, ikilowa jasho siumii. Ninachosema ni kwamba iitwe jina lake na iuzwe kwa bei yake. Mtu akitoa 20,000 akapewa ya mashine akijua ni ya mashine, hakuna aliyedhulumiwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limenikaa rohoni. Mama mkwe zamani alikuwa akiweka alama yake. Ndani ya ukanda, pale unapokutana na paji la uso, alikuwa anashona kiua kimoja tu kwa uzi wa buluu. Kwa nje hakionekani, godoro lake linashika nguo ya ndani peke yake. Hizo zilizomo kabatini kwetu, za marehemu na za shemeji zangu, zote zinacho. Nikamwuliza mbona hizi za kuuza hazina. Akasema yule anayezichukua alimwambia asiweke, wateja wataanza kuuliza ni nani. Akalisema hivyo hivyo, bila uchungu, kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Mimi ndiye niliyekasirika. Nikamwambia arudishe. Akanijibu kwamba kurudisha ni rahisi, kuuza ndiko kazi. Basi ombi langu kwa wanunuzi, mkiingia dukani ulizeni: kiua cha buluu kiko wapi? Au cha kijani, au chochote ambacho mwanamke mwingine wa Micheweni au Makunduchi atachagua kuweka. Muuzaji akiulizwa mara kumi, mara ya kumi na moja ataacha kuwakataza.

Hogo lilifunguliwa wiki ya tisa. Kofia yangu ya kwanza sikuwa nimeimaliza. Mimi kiua kinanichukua dakika 11, na hesabu hiyo siitaki hata kuiandika. Niliimalizia baada ya kurudi kazini. Ina matundu matatu ya panya upande wa kushoto juu ya sikio, ambayo mama alikataa kuyakata. Alisema wacha yakae, ili watu wasidhani kashona yeye. Ijumaa ya kwanza nilipoivaa msikitini, yule mzee wa stendi alikuja moja kwa moja upande huo huo wa sikio, akaweka kidole, akacheka peke yake akaenda kutawadha.

Ya pili naishonea garini. Gari letu haliondoki stendi mpaka lijae, na kujaa kwake kuna siku kunachukua dakika tano na kuna siku saa nzima, kwa hiyo nikishaegesha natoa foronya ya kuzuia taka, naitandika juu ya usukani, natoa kitambaa. Utingo wangu analalamika kwamba abiria wakiona dereva anashona wanadhani hatuna haraka. Wanawake ndio wanaosimama dirishani. Jana mmoja mwenye kapu la samaki alinitazama kwa muda, akaniambia navuta mno, nilegeze kidogo kwenye mshono wa mwisho. Nikalegeza. Alikuwa na haki.

Niko kiua cha 214.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Dereva wa gari la Wete na Chake Chake,
Wete, Pemba